Kidirisha cha plastiki kinapoziba infraredi: dalili, vyanzo na tiba

Taa ya sensa getini inawaka kila mtu anapopita, mpaka siku fundi anapoikinga mvua kwa kipande cha akriliki kisicho na doa. Kuanzia hapo haiwaki tena. Waya hazijaguswa, umeme upo, sensa ni ile ile, na kupitia kile kipande unamwona jirani hadi rangi ya shati lake. Wengi hapo hununua sensa mpya. Nayo haioni mtu. Kilichotakiwa kubadilishwa ni plastiki: ndiyo iliyoziba infraredi, ile mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho ambayo sensa huitazama.

Nimeufuata mpangilio wa dalili, kwa kuwa tatizo humfikia fundi kama dalili: sensa imenyamaza, kamera inaonesha ukungu, kipimo cha gesi kinasema uongo, grafu imejaa mawimbi. Chini ya karibu kila dalili utakuta kosa lile lile: plastiki ilichaguliwa kwa macho.

Kwanza ujue chombo chako kinatazama wimbi gani

Jicho la mtu huona mawimbi ya mwanga yenye urefu wa mikromita 0.4 hadi 0.7 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ngozi yenye nyuzi 33 hivi hutoa mionzi yake kwa wingi zaidi karibu na mikromita 9.5. Umbali kati ya namba hizo ni mkubwa kiasi kwamba uangavu wa plastiki machoni hauwezi kuwa ushahidi wa lolote. Karatasi inayong'aa kama kioo yaweza kuwa ukuta kwenye mikromita 9, na nyingine nyeupe kama maziwa ikaruhusu joto lipite vizuri.

Jina "infraredi ya kati" lenyewe ni pana. Wanaopima kemikali kwa spektromita, chombo kinachochora grafu ya mawimbi yanayofyonzwa na sampuli, huhesabu kuanzia mikromita 2.5 hadi 25. Wenye kamera za joto hutaja sehemu mbili, 3 hadi 5 na 8 hadi 14, kwa sababu mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vilivyomo hewani huziba sehemu kubwa ya katikati. Sensa ya mwendo aina ya PIR, kama ile ya taa ya getini, huwa na kichujio kinachopokea takribani 5 hadi 14. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali na kamera nyingi za joto za bei ya kawaida hutazama 8 hadi 14. Sensa ya kaboni dayoksaidi hutazama 4.26, ya methani karibu na 3.3, na kwa kawaida huwa na mkondo wa pili wa kulinganishia karibu na 3.9. Iandike namba ya chombo chako kabla ya kwenda dukani. Muuzaji akikuambia plastiki yake "inapitisha infraredi" bila kutaja mikromita ngapi, hajakuambia kitu bado.

Upande wa plastiki, kinachoamua ni vifungo vya atomu zake, kwani kila kifungo kina mawimbi yake kinayoyafyonza. Kaboni na hidrojeni hufyonza kwenye mikromita 3.4 hadi 3.5. Kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu hufyonza 5.7 hadi 5.8, na kwa kifungo kimoja 8 hadi 9 na ushei. Kaboni na florini hufyonza 8 hadi 8.7. Naitrojeni na hidrojeni ni karibu na 3, silikoni na oksijeni 9 hadi 10.

Ukishika hayo, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Polithini ni kaboni na hidrojeni peke yake, iliyopangwa kwa mnyororo mrefu usio na matawi mengi. Inafyonza pale 3.4 hadi 3.5, tena 6.8, tena karibu na 13.8, kwingine inaacha mionzi ipite. Ndiyo maana lenzi za sensa za PIR hutengenezwa kwa polithini nzito, ile inayoandikwa HDPE. Akriliki, polikaboneti na PET (plastiki ya chupa za maji) zina oksijeni ndani, na ufyonzaji wake unaangukia 8 hadi 9, karibu kabisa na pale mionzi ya mwili ilipo na nguvu. Plastiki hizo zikifika unene wa milimita moja au mbili, hata mikanda midogo ya ufyonzaji, yaani sehemu nyembamba za mawimbi zinazofyonzwa, hukutana na kuifunga sehemu yote.

Chombo kimekuwa kipofu kabisa tangu kiwekewe kidirisha

Anza na kitu chenyewe kilichowekwa. Kioo cha kawaida cha dirisha hufunga njia kabla ya mikromita 5, hivyo PIR haioni mtu aliye nje ya dirisha, na kamera ya joto ikielekezwa kwenye kioo inaonesha joto la kioo pamoja na taswira ya anayeipiga. Akriliki na polikaboneti ni hivyo hivyo. Chupa ya maji iliyokatwa ni PET, usiitumie. Karatasi laini za kufunikia vyakula, zile zinazojinatisha, baadhi ni polithini na baadhi ni PVC (plastiki ya mabomba ya maji) iliyotiwa vilainishi vyenye oksijeni. Karatasi za vitafunio zenye rangi ya fedha kwa ndani zimepakwa alumini, nayo huakisi karibu infraredi yote bila kujali plastiki iliyo chini yake ni ipi.

Kuna mtego mmoja wa dukani ambao ni lazima niutaje. Karatasi inayouzwa kwa jina la nailoni madukani kwetu, mara nyingi ni polithini, nayo yafaa. Lakini ukiagiza nailoni kwa mtu anayeuza plastiki za viwandani, utapewa nailoni kweli, yenye naitrojeni na oksijeni, inayofyonza karibu na 3, tena 6.1 na 6.5, na kuendelea. Agiza kwa herufi: HDPE, au LDPE ambayo ni polithini nyepesi.

Mtego wa pili ni jaribio la rimoti. Fundi anashika rimoti ya televisheni, anaweka plastiki mbele yake, anatazama kwa kamera ya simu, anaona nukta ya mwanga, anaridhika. Taa ya rimoti hutoa mwanga wa mikromita 0.94 hivi, jirani kabisa na unaoonekana kwa macho. Akriliki nyeusi inayotumika mbele ya televisheni hupitisha mwanga huo barabara, na kwenye 9 haipitishi chochote. Jaribio hilo halihusiani na infraredi ya kati, kwa matokeo mazuri wala mabaya.

Jaribio la kweli halina gharama kubwa. Chukua kipimajoto cha kulenga kwa mbali cha mafundi, cha 8 hadi 14. Kile cha kupimia homa hakifai, maana nje ya joto la mwili hukataa kuonesha namba. Pasha sufuria iliyoungua na kushika masizi, lenga kwenye sehemu nyeusi, soma. Sufuria ya alumini inayong'aa itakudanganya kwa sababu metali safi hutoa mionzi kidogo na kuakisi ya vitu vingine. Sasa weka kipande cha plastiki karibu na mdomo wa kipimajoto, si karibu na sufuria, na usome mara moja kabla plastiki haijapata moto. Tuseme chumba ni nyuzi 28, sufuria ilisomeka 80, na kupitia plastiki inasomeka 54. Toa joto la chumba kwenye zote: 26 kwa 52. Plastiki inapitisha karibu nusu. Ni makadirio, kwa sababu mionzi haiongezeki kwa mstari ulionyooka na joto, lakini yanatosha kutenganisha kinachofaa na kisichofaa.

Kama huna hata kipimajoto, tambua plastiki yenyewe. Namba ndani ya pembetatu chini ya chombo ndiyo njia fupi: 2 ni HDPE, 4 ni LDPE, na hizo ndizo unazozitaka. 5 ni polipropilini, tutaifikia. 1 ni PET, 3 ni PVC, 6 ni polistairini, na 7 ni mchanganyiko wa mengine yote. Kisipokuwa na namba, kata kipande kidogo ukitupe majini na kukibana chini kwa kidole ili mapovu yatoke. Polithini na polipropilini huelea. Akriliki, polikaboneti, PET, PVC na nailoni huzama. Kinachoelea kikwaruze kwa ukucha: polithini hushika alama kwa urahisi, polipropilini hugoma. Watu wengine hupima kwa kuchoma na kunusa. Sishauri hivyo, maana PVC na plastiki zenye florini zikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Ni polithini kweli, lakini nguvu imepungua

Hapa mara nyingi chanzo ni unene. Ufyonzaji hauendi kwa kutoa, unakwenda kwa kuzidisha. Tuseme karatasi ya nusu milimita inapitisha asilimia 60 ya kilichoingia. Milimita moja itapitisha asilimia 60 ya hiyo 60, yaani 36. Milimita mbili zitabakisha 13 tu. Ndiyo sababu lenzi ya PIR ya kiwandani huwa na unene wa karibu nusu milimita, ilhali ukuta wa dumu la maji, ingawa ni HDPE ile ile, ni mnene kiasi cha kula sehemu kubwa ya ishara. Ukipunguza unene unapata faida kuliko ukitafuta plastiki ya bei ghali zaidi. Nenda kwenye karatasi, usikate madumu.

Kuna kiasi cha hasara ambacho huwezi kukipunguza kamwe. Kipeo cha mvunjo cha polithini, yaani kipimo cha jinsi inavyopinda mwanga, ni kama 1.5, hivyo kila uso huakisi karibu asilimia 4, na nyuso mbili hukuachia takriban 92 hata kama plastiki haifyonzi kitu. Kila tabaka la ziada lina nyuso zake mbili. Ukiwa na sensa yenye lenzi yake, kisha ukaongeza kidirisha mbele, umelipa ushuru huo mara mbili. Kwa sensa za getini mimi hupendelea lenzi yenyewe ibaki wazi mvuani, na kinachozibwa kwa mpira na gundi kiwe ukingo wa boksi. Lenzi tayari ni plastiki sahihi na haihitaji koti.

Chanzo cha pili ni rangi na viungio. Plastiki za dukani mara chache ni polithini tupu. Weupe mwingi ni titani dayoksaidi, na plastiki nyingine huongezwa chokaa au talki ili bei yake ishuke. Talki ina silikoni na oksijeni, nayo inafyonza pale pale 9 hadi 10. Chokaa ina mikanda yake, mmoja mpana karibu na 7 na mwembamba wa 11.4. Watengenezaji wa lenzi wanaotaka weupe bila hasara hutumia rangi kama zinki salfaidi, ambayo huruhusu infraredi. Rangi nyeusi ya masizi hufyonza kila mahali, ingawa mfuko mweusi mwembamba wa taka huwashangaza watu: kwa unene wa sehemu ndogo tu ya milimita, masizi yake hayatoshi, na kamera ya joto inauona mkono uliomo ndani waziwazi. Usichukue ushahidi huo ukaenda kununua HDPE nyeusi ya milimita mbili.

Utauliza kuhusu ule ukungu wa asili wa HDPE, unaoonekana hata isipotiwa rangi. Huo hutokana na fuwele ndogo ndani yake zinazotawanya mwanga. Zinatawanya sana mawimbi mafupi yanayokaribiana na ukubwa wake. Kwa wimbi la mikromita 10 zinakuwa ndogo mno, na mtawanyiko hupungua sana. LDPE ni angavu zaidi machoni, lakini kwa infraredi tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Chagua kwa ugumu unaoutaka.

Polipropilini ndiyo hufananishwa na polithini kuliko zote. Nayo ni kaboni na hidrojeni tu. Lakini ina tawi dogo kwenye kila hatua ya mnyororo, na matawi hayo huzaa mikanda mingine karibu na 7.3, 8.6, 10, 10.3 na 11.9. Kama kazi yako ni kaboni dayoksaidi kwenye 4.26, polipropilini nyembamba haina neno. Kama kazi yako ni joto la mwili, umejiongezea vizuizi katikati ya barabara. Ile karatasi angavu ya biskuti inayopiga kelele ukiikunja ni hiyo. Polithini hukunjika kimya zaidi.

Halafu kuna karatasi za kitalu nyumba. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 1, 2019, wengi huzikimbilia hizo kwa kuwa zinapatikana kwa mita. Soma maandishi yake kwanza. Karatasi tupu ya polithini huacha joto la usiku litoroke, na mkulima hapendi hivyo, kwa hiyo baadhi huongezwa EVA (plastiki yenye oksijeni) au unga wa madini ili zizuie infraredi. Hiyo ni bidhaa iliyoundwa kufanya kinyume kabisa cha unachokitaka. Ikiwa imeandikwa kwamba inahifadhi joto, iache.

Usiku inaona, alasiri haioni

Usikilaumu kidirisha haraka. PIR huhisi tofauti kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Dar es Salaam au Mombasa, ukuta wa alasiri ukifika nyuzi 33, unalingana na ngozi, na tofauti inakaribia kutoweka. Umbali wa kuona hupungua hata bila kidirisha chochote. Muscat wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa na 45, sensa inaweza kuanza kuona tena, safari hii mtu akiwa ndiye baridi. Ondoa kidirisha ujaribu saa ile ile. Tofauti isipokuwepo, kidirisha hakina hatia, ingawa kilichopoteza nusu ya ishara kitalifanya tatizo la alasiri lije mapema zaidi.

Dalili ya kinyume, taa kuwaka bila mtu, huwa na chanzo cha kidirisha mara nyingi zaidi. Plastiki inayofyonza sehemu ya mionzi pia hutoa mionzi yake. Jua likiipiga kisha wingu likapita, joto lake hubadilika ghafla mbele ya sensa. Karatasi iliyolegea ikipepea kwa upepo hufanya vivyo hivyo. Ivute ikaze kama ngozi ya ngoma, iwekee kivuli juu, na iwe nyembamba.

Kamera ya joto inaonesha ukungu, au namba ziko chini kuliko ukweli

Kinachofika kwenye kamera ni vitu vitatu vilivyochanganyika: mionzi ya kitu iliyopenya, mionzi ya kidirisha chenyewe, na ya mazingira iliyoakisiwa na kidirisha. Kidirisha kinachopitisha 0.6, kikiwa na nyuzi 30, mbele ya kitu cha nyuzi 60, kitakupa kama 48 kwa hesabu ya haraka. Kamera nzuri ina mahali pa kuingiza upitishaji wa dirisha na joto lake. Jaza zote mbili. Ukijaza upitishaji ukasahau joto la dirisha, utasahihisha kosa moja kwa kosa lingine, hasa paa la bati likiwa juu na dirisha likapata moto.

Ukungu wa picha ni suala lingine, nao hutokana na mtawanyiko na mikunjo. Plastiki ikiwa imegusana na kitu, umbo huonekana vizuri. Ikikaa mbali na kitu, umbo huyeyuka. Isogeze karibu na lenzi ya kamera, iwe bapa bila mawimbi, na isimame mshazari kidogo ili isikurudishie joto la uso wako.

Vipimajoto vya sikio vina somo lake hapa. Vile vinavyotumia vifuniko vya kutupa hufunikwa kwa utando mwembamba wa polithini, na mtengenezaji amekwisha kuweka hasara ya utando huo kwenye hesabu ya chombo. Muuguzi akikosa vifuniko akafunga plastiki nyingine yoyote, au akavalisha viwili, namba itakuwa si ya kuaminika, na kwa homa nyuzi nusu ni jambo kubwa. Vifuniko vikiisha, tumia kipimajoto cha aina nyingine mpaka vije.

Kipimo cha methani kinapiga kengele bila gesi

Hii ndiyo dalili inayonivutia kuliko zote, kwa sababu plastiki inafanya kazi yake ipasavyo na bado inadanganya. Sensa ya methani hulinganisha mikondo miwili: wa 3.3, ambao methani hufyonza, na wa 3.9, ambao haufyonzwi. Wa kwanza ukishuka kuliko wa pili, chombo kinasema gesi ipo. Methani hufyonza hapo kwa sababu ya vifungo vya kaboni na hidrojeni. Polithini imejaa vifungo hivyo hivyo, na kadiri inavyokuwa nene ndivyo mkanda wake wa 3.4 unavyotanuka hadi kuikumba 3.3. Mkondo wa 3.9 unapita salama. Chombo kinakiona kidirisha chako kama gesi ya kudumu.

Hakuna plastiki ya kaboni na hidrojeni itakayokuokoa. Unahitaji isiyo na hidrojeni: PTFE nyembamba (ile teflon ya vikaango, kaboni na florini), ambayo mikanda yake mikubwa iko 8 hadi 8.7 na inaacha 3 hadi 5 wazi kiasi kizuri. Au acha plastiki, chukua safiri, fuwele ngumu ya aina ya vito, inayopitisha mpaka karibu na 5 na haikwaruziki kirahisi. Ukibadilisha, fanya upya sufuri ya chombo kwenye hewa safi. Kwa kaboni dayoksaidi hadithi ni nyepesi: kwenye 4.26 polithini na PTFE zote zinafaa zikiwa nyembamba.

Kinyume chake nacho kweli. PTFE haifai kwa joto la mwili, kwa sababu ya ile 8 hadi 8.7.

Grafu ya spektromita ina vilele visivyo vya sampuli, au mawimbi

Maabara za pwani hupata shida na vidirisha vya chumvi, KBr (potasiamu bromaidi) na NaCl (chumvi ya kawaida), ambavyo hunyonya unyevu wa hewa na kufifia. Utando wa polithini ni mbadala wa haki kwa sampuli nyingi, ukikumbuka vilele vyake: 2,920 na 2,850 kwa sentimita (hapa huhesabiwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja, si mikromita), 1,460, na jozi ya 720 na 730. Utando wa PTFE ni wazi hasa juu ya 1,300, mahali ambapo polithini ina vilele vyake vikubwa, kwa hiyo ukipima sampuli moja juu ya vyote viwili, kimoja kinajaza pengo la kingine.

Mawimbi ya usawa kwenye msingi wa grafu si kemikali. Ni mwanga unaorudi-rudi kati ya nyuso mbili sambamba za utando. Utando wa mikromita 25 wenye kipeo cha 1.5 huzaa mawimbi yenye nafasi ya kama 133 kwa sentimita. Kwaruza uso mmoja taratibu kwa msasa laini sana na yatatulia.

Kilifanya kazi miezi kadhaa, kisha kikafifia

Vumbi kwanza. Udongo mwekundu ni silikoni na oksijeni kwa wingi, na hufyonza kwenye 9 hadi 10, hivyo tabaka linaloonekana jepesi kwa macho ni zito zaidi kwa sensa. Polithini hujaa umeme tuli na kulivuta. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kitambaa laini, suuza, acha ikauke yenyewe. Usipake dawa za kung'arisha dashibodi wala mafuta ya silikoni: nayo yana kifungo kile kile cha silikoni na oksijeni, na unakuwa umepaka kizuizi kwa mkono wako.

Maji ni mabaya zaidi ya vumbi. Kwenye mikromita 10, utando wa maji wa sehemu moja ya kumi ya milimita hauachi karibu chochote kipite. Kidirisha kikitoa jasho kwa ndani kila alfajiri, tatizo ni boksi. Toboa tundu dogo chini, au weka mfuko wa chembe za kukausha unyevu.

Kisha jua. Polithini isiyo na kinga huoksidishwa na mwanga wa urujuanimno. Kilele cha kaboni na oksijeni huota pale 5.8, plastiki inakuwa ngumu, inatoa unga, inapasuka. Vituo vya hali ya hewa vinavyotumia vipima mionzi vyenye kuba la polithini huzibadilisha kuba hizo mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo. Nawe panga kubadilisha kabla ya nyufa. Na kwa kuwa gundi haishiki polithini vizuri, ibane kwa pete na skrubu: ubadilishaji utakuwa kazi ya dakika chache.

Mahali ambapo plastiki si jibu

Polithini nyepesi huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115, nzito karibu na 130. Karibu na tanuri au bomba la moshi utahitaji PTFE, inayostahimili hadi 260, au fuwele: zinki selenaidi, bariamu floraidi. Silikoni ya fuwele inafaa kwa 3 hadi 5. Jemaniamu hupitisha 2 hadi 14, lakini bila kupakwa dawa ya kuzuia uakisi hupoteza karibu nusu ya mionzi kwenye nyuso zake, na ikizidi nyuzi 100 huanza kuwa kizuizi yenyewe.

Kikundi cha Jeffrey Pyun wa Chuo Kikuu cha Arizona kilionesha mwaka 2013 jinsi ya kutengeneza plastiki yenye salfa kwa wingi, na tangu hapo aina hiyo imekuwa ikifanyiwa kazi kwa ajili ya lenzi za 3 hadi 5. Salfa haiongezi mikanda mibaya kama oksijeni. Kwa fundi anayenunua vitu dukani bado si chaguo.

Kwa leza ya kaboni dayoksaidi, ya mikromita 10.6, usitengeneze kidirisha cha polithini kwa hali yoyote: inaipitisha, na jicho lililo nyuma yake halina kinga. Na kwenye paneli ya umeme iliyowashwa, usitoboe mlango ukabandika karatasi ili upige picha ya joto. Polithini huwaka na kudondosha matone yanayowaka, na mlipuko wa umeme ukitokea hautazuiwa na nusu milimita. Nunua dirisha lililopimwa kwa volti na mlipuko wa paneli hiyo. Yapo ya plastiki iliyotiwa wavu wa chuma na yapo ya fuwele. Kwenye maelezo ya mtengenezaji tafuta upitishaji kwa urefu wa wimbi wa kamera yako, uingize namba hiyo kwenye kamera, na unapolifunga, zima umeme wa paneli kwanza.